Programu ya kutengenezea albamu ya kidijitali: maswali ya wanaoanza, kutoka Dodoma

Wanaouliza habari hizi hapa Dodoma hawafanani. Yupo mama aliyetoka kumwoza binti yake, yupo mhitimu wa UDOM ambaye simu yake imejaa picha za mahafali, yupo mtumishi aliyehama na wizara kutoka Dar es Salaam akaja na bahasha za picha za karatasi, yupo mwalimu wa shule ya msingi anayetaka darasa la saba waondoke na ukumbusho. Wote huanza kwa kuuliza programu ipi ni rahisi, nami huwarudishia swali jingine: ukurasa ukishakamilika utakwenda wapi? Kwenye kundi la familia la WhatsApp, kwenye karatasi ya stesheneri, au ndani ya albamu ngumu yenye jalada? Jibu la hapo ndilo linalochagua programu, kuliko wingi wa maua na fremu zilizomo ndani yake.

Albamu ya kidijitali ina tofauti gani na kolaji niliyozoea kutengeneza kwenye simu?

Kolaji hupanga picha ndani ya visanduku, kazi ikaishia hapo. Ukurasa wa albamu una nafasi ya kusimulia: usuli wa karatasi au kitambaa, picha moja kubwa na nyingine ndogo ndogo, mapambo machache, na maandishi yanayosema nani, wapi, lini. Maandishi hayo ndiyo yanayosahaulika zaidi, na ndiyo yenye thamani. Picha ya bibi anapiga muheme kijijini Mvumi inakugusa leo kwa sababu unamjua. Mjukuu atakayeiona miaka 30 ijayo ataona mwanamke na ngoma tu, asijue ni mama mzazi wa nani wala sherehe ilikuwa ya nini.

Kwa hiyo programu inayokufaa ni ile inayokuwezesha kuweka kitu juu ya kingine na kukirudisha nyuma, kukata picha bila kuharibu ile ya asili, kuandika aya nzima na kuirekebisha kesho yake, kisha kutoa kazi nje kama PDF au JPEG yenye ubora wa kuchapwa. Mengine yote ni nyongeza.

Nina haraka. Nitajie jina moja tu.

Canva, toleo la bure, kama una mtandao wa kutegemewa. Kama una kompyuta lakini bando unalipimia kwa kijiko, anza na PowerPoint au LibreOffice Impress.

Canva ina nini kinachomfaa mtu asiyejua kitu?

Hukutani na ukurasa mweupe. Canva ilizinduliwa Australia mwaka 2013 kwa ajili ya watu wasiosomea usanifu, na hilo bado linaonekana: unachagua kiolezo (ukurasa uliokwisha kupangwa), unavuta picha yako juu ya fremu, picha inajikata yenyewe kwa umbo la fremu. Kazi hujihifadhi kila unapobadilisha kitu, hivyo umeme ukikatika Nkuhungu saa mbili usiku hupotezi ukurasa. Ulichoanza kwenye simu unakimalizia kwenye kompyuta ya ofisini kwa akaunti ile ile (muda wa chakula cha mchana, tuseme).

Ina mitego yake. Vitu vyenye alama ya taji ni vya kulipia. Ukivitumia bila kulipa, ukurasa utatoka na chapa ya Canva imepita juu yake. Kuondoa usuli wa picha kwa kubofya mara moja, kupakua PNG isiyo na usuli, na kubadilisha ukubwa wa ukurasa uliokwisha kuupanga, vyote viko upande wa kulipia. Huo wa mwisho ndio unaowauma watu: mtu amepanga kurasa zake zote kwa umbo la mraba la Instagram, ndipo anagundua kwamba stesheneri wanachapa A4. Weka ukubwa sahihi kabla ya kuweka picha ya kwanza.

Halafu violezo vyenyewe. Vingi vimejaa theluji, majani ya rangi ya chungwa na misemo ya Kiingereza yenye mikia mirefu. Futa bila huruma. Kiolezo kikufae kwa mpangilio wake, mapambo utaleta ya kwako. Nitalieleza hilo mbele.

Sina kompyuta, nina simu ya Android tu. Nisubiri?

Usisubiri. Kurasa tano au kumi za kushirikisha familia zinatengenezeka kwenye simu bila shida. Albamu nzima ya harusi ni habari nyingine: kupanga maandishi madogo kwa kidole kunachosha, na skrini ndogo inakuficha makosa ambayo karatasi itayaanika. Wengi nawashauri wagawanye kazi. Kwenye simu chagua picha, zipange kwenye folda, andika maelezo ya kila picha ukiwa bado unakumbuka majina. Upangaji wa kurasa ufanye siku utakayoazima kompyuta.

Ukijaribu programu nyingine ya simu, usiipime kwa stika zake. Tengeneza ukurasa mmoja wa ovyo, uhifadhi, kisha fungua taarifa za faili uone upana wake kwa pikseli (nukta ndogo zinazounda picha), na utazame kona ya chini kama kampuni imejibandikia nembo yake. Mambo hayo mawili yanatosha kuiacha au kuiweka.

Bando langu halitoshi. Hizi programu za mtandaoni zitanimaliza?

Fanya hesabu. Picha moja ya simu za sasa kwa kawaida ina MB 2 hadi 5. Picha 40 za send-off ni kati ya MB 80 na 200 za kupandisha tu, kabla hujapakua kurasa zilizokamilika na kabla programu haijajifungua mara kadhaa. Ukiwa na Wi-Fi ya chuo au ofisi si tatizo. Ukiwa Hombolo au Bahi na bando la siku, ni tatizo.

Programu inayokaa ndani ya kompyuta unaipakua mara moja, au unaletewa faili lake la usakinishaji kwa flashi, halafu kazi yote inafanyika bila mtandao. Ila hapo umeme unageuka kuwa jambo lako mwenyewe. LibreOffice huhifadhi taarifa za kufufua kazi kila dakika 10 usipobadilisha mipangilio. Ipunguze iwe dakika 2. GIMP haina uhifadhi wa kila baada ya muda, kwa hiyo zoea kubonyeza Ctrl na S kila unapomaliza kusogeza kitu. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya dharura) ni hatari zaidi kuliko laptopu yenye betri inayoshika japo nusu saa.

PowerPoint kwa albamu? Hiyo si ya mikutano?

Ndiyo, na ni programu ninayoitetea kuliko zote kwa mtu anayeanza, kwa sababu moja: watumishi na walimu wengi wa mji huu tayari wanaijua. Tayari unajua kuweka picha, kuandika kwenye kisanduku, kusukuma kitu mbele au nyuma. Kilichobaki ni mipangilio kadhaa ambayo hakuna anayekuambia.

Kwanza ukubwa. Ukiingia kwenye ukubwa wa slaidi utaona chaguo limeandikwa A4. Usilichague: kwa ajabu ya watengenezaji wake, chaguo hilo hutoa slaidi ya sentimita 27.5 kwa 19.05, wakati karatasi ya A4 ni 29.7 kwa 21. Andika vipimo vyako mwenyewe. Pili, kabla ya kuingiza picha hata moja, nenda kwenye mipangilio ya juu zaidi ya programu uweke alama penye kuzuia kubanwa kwa picha ndani ya faili. Usipofanya hivyo programu hupunguza ubora wa picha kila unapohifadhi. Tatu, ukimaliza toa PDF ya ubora wa kawaida, si ule wa ukubwa mdogo. Ukihifadhi slaidi kama JPEG, PowerPoint hutumia pikseli 96 tu kwa kila inchi, na ukurasa wako wa A4 utakuwa na pikseli kama 794 kwa 1123. Kwenye skrini unapendeza. Kwenye karatasi unaonekana umepigwa kwa simu ya tochi.

LibreOffice Impress ni ya bure kabisa na inafanya karibu yote hayo. Ndani ya kifurushi hicho hicho kuna Draw, ambayo binafsi naiona nzuri zaidi kwa kurasa kwa sababu haikushughulishi na mambo ya slaidi na maonyesho.

Kwa nini hamnipi Photoshop moja kwa moja, nijifunze kitu cha maana?

Kwa sababu utaacha. Photoshop kamili ni chombo cha mtu anayeifungua kila siku. Ndugu yake mdogo, Photoshop Elements, ndiye aliyetengenezwa kwa ajili ya picha za nyumbani, na kwa miaka mingi watengenezaji wa albamu wameipenda: ina matabaka (kila kitu hukaa juu ya kingine na unakihariri peke yake), ina njia ya kuongozwa hatua kwa hatua, na maelezo yake yamejaa mtandaoni. Lakini jua unachonunua. Tangu toleo la 2025, Adobe huiuza kwa leseni ya miaka mitatu, kwa takriban dola 100. Miaka ikiisha unanunua tena. Inataka pia kompyuta yenye RAM ya GB 8.

Kwa anayetaka kujifunza matabaka bila kulipa, yapo mengine. GIMP ni ya bure tangu miaka ya 1990, na toleo lake la 3.0 la Machi 2025 limeleta athari unazoweza kuzibadilisha baadaye bila kuharibu picha. Ni yenye nguvu, na haina haya kukuchanganya wiki ya kwanza. Photopea hufunguka ndani ya kivinjari, inafanana sana na Photoshop, inasoma mafaili yake ya PSD, na picha zako hazipandishwi popote, zinafanyiwa kazi humo humo kwenye kompyuta yako. Nzuri sana kwa kompyuta ya kuazima. Affinity ilinunuliwa na Canva mwaka 2024, na tangu mwishoni mwa Oktoba 2025 inatolewa bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Ina sehemu ya picha, ya michoro na ya kupanga kurasa mahali pamoja. Aliyezoea Canva akaona imembana, huko ndiko pa kuhamia. Scribus iache mpaka utakapotaka kupanga kitabu cha kurasa mia kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji.

Kuna programu zilizotengenezwa maalumu kwa albamu za namna hii. Hizo je?

Zipo, kama MyMemories Suite, au Artisan ya kampuni ya Forever ambayo ni ya Windows peke yake. Zimebuniwa kwa wapenzi wa kazi hii wa Marekani: unapanga kurasa, unabonyeza, kitabu kinachapwa huko na kuletwa mlangoni. Sisi tunalipia programu yote na kutumia nusu yake. Ukiwa na ndugu huko anayetaka mfanye pamoja, sawa. Vinginevyo pita.

Nimepewa flashi yenye Photoshop iliyovunjwa kinga. Nitumie?

Hapana. Mbali na kuwa ni wizi, mafaili hayo ni njia kuu ya kuingiza virusi, na kompyuta hiyo hiyo ndiyo yenye picha zako zote. GIMP ni bure.

Ukurasa uwe na ukubwa gani?

Hapa ndipo maelekezo ya kigeni yanapowapoteza watu. Karibu kila somo la mtandaoni litakuambia utengeneze mraba wa inchi 12 kwa 12, yaani pikseli 3600 kwa 3600 ukihesabu pikseli 300 kwa kila inchi. Kipimo hicho kimetoka kwenye karatasi za albamu zinazouzwa Marekani. Sasa chukua rula: inchi 12 ni sentimita 30.48. Karatasi ya A3 ina upana wa 29.7. Ukurasa wako hauingii hata kwenye A3! Utakatwa pembeni au utapunguzwa, na kilichobaki cha karatasi umekilipia.

Chagua A4, pikseli 2480 kwa 3508, au A5, pikseli 1748 kwa 2480, ambayo ni ndogo, ya bei nafuu, na kurasa mbili zinakaa kwenye karatasi moja. Ukipenda mraba, tumia sentimita 20 kwa 20, ambazo ni pikseli 2362 kila upande. Unaingia kwenye A4 na pembe zinabaki za kukata kwa mkasi au mashine. Kama ni ya kutazamwa kwenye simu tu, pikseli 1080 kwa 1920 inatosha, ila ujue ukurasa huo hautachapika vizuri baadaye.

Acha pia sentimita moja na nusu upande wa kushoto kama utafunga kwa spairo. Mashine haitazami kama pale kuna uso wa bwana harusi.

Picha zangu zikichapwa zina ukungu, na kwenye simu zilikuwa safi kabisa.

Zilitoka WhatsApp. Nasema hivyo kabla sijaziona, na mara nyingi ndivyo. WhatsApp hubana picha ili isafiri haraka. Picha ya kawaida iliyotumwa humo mara nyingi hubaki na pikseli kama 1600 upande mrefu. Ukiigawa kwa 300 unapata inchi tano na kidogo, sentimita 13 na nusu hivi. Yaani inafaa kuwa picha ya kati kwenye ukurasa, haifai kujaza A4. Na ikiwa imetumwa kwa mwingine, akapiga picha ya skrini, akaitupia kundini, kilichobaki ni kivuli.

Dawa ni kumwomba aliyepiga akutumie kama nyaraka, yaani kwa njia ile ile unayotumia kutuma PDF. Hapo inafika ilivyo. Tangu 2023 kuna pia chaguo la HD, ambalo ni bora kuliko kawaida lakini bado linabana. Kwa picha za mpiga picha wa harusi usione aibu: mpelekee flashi. Muulize mapema, kwa sababu wengine hufuta kadi baada ya muda ili wafanye kazi nyingine.

Programu haiwezi kurudisha kisichokuwepo. Zile zinazojisifu kunoa picha kwa akili mnemba hubuni sehemu zilizokosekana, na nimeona nyuso za wazee zikitoka na macho ya mtu mwingine. Kwa picha ya marehemu sitaki hata kujaribu.

Nina picha za karatasi za miaka ya 1970 na 1980. Zinaingiaje?

Kwa skana ya stesheneri, na uwaambie unataka pikseli 600 kwa inchi, hasa picha zikiwa ndogo. Wakiziacha kwenye 150 au 200, ambazo zinatosha kwa vyeti na barua, hutaweza kuzikuza. Futa kioo cha skana kwanza. Vumbi la mji huu halihitaji kualikwa.

Usipopata skana, simu inatosha ukiwa mvumilivu. Weka picha mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima tochi, shika simu iwe sambamba kabisa na meza. Jua la Dodoma saa sita ni kali mno kwa kazi hii, picha za glosi zitang'aa. Asubuhi au saa kumi na moja jioni kuna nafuu. Google ina programu ya bure iitwayo PhotoScan inayopunguza mng'ao kwa kuunganisha picha kadhaa. Geuza na upige mgongo wa picha pia. Wazee wetu waliandika huko nyuma: tarehe, jina la studio, salamu kwa shemeji. Hayo ni maandishi yako ya ukurasa, tayari yameandikwa.

Na picha zilizonata kwenye albamu za gundi usizivute. Zipige zikiwa pale pale.

Mapambo ya kwenye programu ni ya kizungu mno. Nifanyeje?

Tengeneza yako. Tandaza kitenge kivulini, kinyooshe, kipige picha kutoka juu: hiyo ni karatasi ya usuli. Mkeka, ukili, kikapu, ukuta wa matofali mekundu, ngozi ya ngoma, shanga za mavazi ya ngoma za Kigogo, majani ya mzabibu wakati wa msimu, vyote vinakubali. Kwa safari ya michoro ya miambani Kolo, kule Kondoa, ambayo imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, piga picha ya jiwe lenyewe lisilo na mchoro, uitumie kama usuli chini ya picha za familia. Tiketi ya SGR ya safari ya kwanza kwenda Dar iskani. Ni pambo na ushahidi kwa pamoja.

Usuli wenye rangi nyingi hupigana na picha. Katika programu yoyote kati ya hizi unaweza kupunguza uzito wa rangi zake mpaka asilimia 30 hivi, au kuweka kipande cheupe kati ya kitenge na picha. Hapo utajua kwa nini nilisisitiza kusogeza vitu mbele na nyuma.

Ukipakua mapambo ya watu mtandaoni, soma leseni. Mengi ni ya bure kwa matumizi binafsi tu.

Fonti?

Mbili zinatosha, moja ya vichwa na moja ya maelezo. Kiswahili hakina herufi zenye alama za juu, kwa hiyo karibu fonti yoyote inafaa, ila ijaribu kwa neno kama ng'ombe au Chang'ombe: fonti nyingine za mapambo hazina kibainishi na zitakuwekea kisanduku. Maelezo yasiwe chini ya ukubwa wa 10 kwenye A4. Babu naye anataka kusoma.

Rangi kwenye karatasi si zile nilizoziona. Programu ndiyo mbovu?

Siyo. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, printa kwa wino, na kuna rangi za skrini ambazo wino haufiki, hasa bluu kali na kijani cha kung'aa. Isitoshe wengi tunapanga kurasa mwangaza wa skrini ukiwa juu kabisa, kisha tunashangaa karatasi imetoka giza. Shusha mwangaza hadi kati, na picha za ndani ya ukumbi zipandishie mwanga kidogo kabla ya kuchapa. Usihangaike kutafuta programu yenye CMYK (mfumo wa rangi za wino wa kuchapia) kwa sababu ya kurasa kumi za stesheneri.

Nalipiaje, kama nikitaka toleo la kulipia?

Kwa kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni, au kadi ya kidijitali inayotolewa ndani ya baadhi ya huduma za pesa kwa simu. Bei zikiwa kwa dola, ongeza makato ya benki na mabadiliko ya kiwango. Kuwa mwangalifu na majaribio ya bure yanayoomba kadi: yakiisha yanajigeuza kuwa malipo ya kila mwezi bila kukuuliza. Weka ukumbusho kwenye simu siku mbili kabla. Njia nzuri zaidi ni kuandaa kurasa zako zote kwa toleo la bure, kisha kulipia mwezi mmoja tu, ukamaliza yanayohitaji malipo, ukafuta usajili.

Nikichoka na programu hii, nitahama na kazi zangu?

Swali hili laiti lingeulizwa mwanzo. Kazi uliyoipanga ndani ya Canva haihami kwenda GIMP ikiwa na matabaka yake. Faili la XCF la GIMP halifunguki PowerPoint. Unachoweza kuhama nacho ni ukurasa uliokamilika na picha zako za asili. Kwa hiyo kila ukurasa ukiisha, utoe kama PDF na JPEG ya ubora wa juu, uweke kwenye folda moja na picha zake, na maelezo uyanakili kwenye faili la maandishi. Taja mafaili kwa mwaka na mwezi mbele, mfano 2024-08-safari-ya-treni-01, yatajipanga yenyewe.

Weka nakala mahali pawili, na kimojawapo kisiwe ndani ya nyumba. Google hutoa GB 15 bure, lakini tangu Juni 2021 picha mpya za Google Photos zinahesabiwa humo pamoja na barua pepe zako, hata zile za ubora uliobanwa. Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia.

Na ile programu ambayo haikuruhusu kutoa kazi yako mpaka ulipe, au inaitoa ndogo ya kutazama tu, usiianze hata kama imepambwa namna gani.

Naweka picha za watoto wa shule. Kuna tahadhari?

Ipo. Albamu ya karatasi inakaa sebuleni. Kiungo cha mtandaoni kinasambaa. Omba ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na shule inayokusanya picha na majina ya watoto inahusika nayo. Kwa darasa la saba ningetumia programu isiyo ya mtandaoni, nikachapa, nikaacha kundi la WhatsApp lipate ukurasa wa pamoja usio na majina kamili.

Niende stesheneri na nini?

PDF kwenye flashi, na nakala kwenye barua pepe endapo flashi itagoma. Maduka ya katikati ya mji, upande wa Jamatini na Nyerere Square, na yale yanayohudumia wanafunzi wa vyuo, yanatofautiana sana kwa mashine, kwa hiyo uliza kabla ya kukubaliana bei: printa ni ya wino au ya leza, karatasi ya picha ina gramu ngapi, wanachapa pande mbili, wana A3? Kwa picha, gramu 200 na kuendelea inatosha kushika mkononi. Waambie wachape kwa ukubwa halisi, wasiweke ile ya kujirekebisha kulingana na karatasi. Chapa ukurasa mmoja kwanza, toka nao nje ya duka uutazame kwenye mwanga wa mchana, ndipo useme waendelee.

Watu wameanza kuniomba niwatengenezee. Naweza kuwatoza?

Unaweza, ukishahakikisha leseni za mapambo na fonti ulizotumia zinaruhusu biashara. Bei yako itenganishe kupanga na kuchapa, maana mteja akibadilisha picha mara ya tatu, karatasi haiongezeki ila saa zako zinaongezeka.